Shemeji Avaa Ujane

Mama Pindo hakuwahi kukalia dawati la shule, lakini ukipita mbele yake mara moja, kesho ataigiza mwendo wako mpaka mama yako mzazi amdhanie ni wewe. Ndiyo maana kikundi cha maigizo cha mtaa kilimpa siku zote nafasi ya dhalimu.

Siku ile, kwenye uwanja wa zahanati, alivaa koti la kiume, akajaza tumbo kwa mto, akamnyang'anya mjane cherehani. Hakubuni kitu. Mume wake mwenyewe alipozikwa, mdogo wa marehemu, fundi redio, aliichukua cherehani yake "kuihifadhi". Tangu hapo Mama Pindo anashona kwa mkono, macho yanamtoka.

"Shemeji, nitakula nini?" alilia muuza nyanya, aliyeigiza mjane.

"Cherehani ni ya ukoo. Wewe ulikuwa mpita njia tu," Mama Pindo akajibu, akijikuna kidevu. Kisha akajitwika cherehani ya maboksi, akaondoka akiyumba.

Watu wakavunjika mbavu. Kidevu kile walikijua. Fundi redio mwenyewe, aliyekaa mbele, akapiga makofi kwa hasira.

"Uongo! Mimi sikujitwika! Nilikodi mkokoteni!"

Sasa, kikundi kina sheria yake: anayepiga makofi katikati ya mchezo ameomba nafasi ya mwonewa. Aingie mchezoni, aoneshe namna ya kujitetea. Kiongozi akamfunga kilemba cha muuza nyanya.

"Karibu, mjane."

"Nilitaka kusahihisha tu!"

"Sahihisha huku unalia."

Akajikaza. "Shemeji, nirudishie cherehani yangu."

"Kwani uliizaa?" Mama Pindo akauliza.

"Ndiyo inayonilisha!"

"Si ukaolewe tena!"

Fundi akapandwa na mori kwelikweli. "Huna haya! Hata uzi kwenye sindano hujui kutia, cherehani ya nini?"

Uwanja ukalipuka. Mama Pindo hakucheka. Alichomoa mto tumboni, akamkabidhi.

"Umenishinda, mjane. Haki yako. Twende tukaichukue."

Fundi akatafuta upenyo, lakini wanawake wa sokoni walikuwa wamekwishajaa getini, wakiimba. Cherehani ikakutwa kwa fundi, chini ya redio mbovu. Ikarudi kwa mkokoteni uleule, fundi akisukuma, kilemba bado kichwani.

"Taratibu, mjane, usiigonge," Mama Pindo alimwambia njia nzima.

Nyumbani akafuta vumbi, akainama kukagua.

"Na sindano yake?"

"Imepotea, shemeji."

"Haya. Kesho tunaigiza ya sindano."