Jina la Kuwekwa Likikosekana Jina

Jamani, nikicheka leo msidhani haikuniuma, maana aibu niliyoipata kwenye ukumbi wa kanisa pale Bladensburg, huku Marekani, bado hunipandisha joto masikioni, hata nikiwa peke yangu jikoni nakatakata vitunguu.

Nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya kijana mmoja wa kwetu Moshi, na mwenyekiti wetu alikuwa Mutua, Mkenya wa Machakos, mtaratibu, mtu wa kuvua kofia hata akiongea na wakubwa kwenye simu (nimemwona kwa macho yangu). Ukishajua hilo umeshaujua ugonjwa wangu.

Basi, kwa kuwa barua za kamati zilikuwa nyingi, nilitunga makro, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata yenyewe: unabonyeza mara moja, barua inajipanga, na chini linakaa jina la mwandishi lililohifadhiwa kwenye kompyuta hiyo tangu siku ya kwanza. Kwangu nyumbani, Lanham, ilifanya kazi vizuri, ila kwenye kompyuta ya kanisa hakuna aliyewahi kuhifadhi jina, kwa hiyo makro ikalitafuta, ikalikosa, ikakwama na kutoa kisanduku cha kosa, na Mama Njeri, mkuu wetu wa mapishi, akaniuliza mbele ya watu kama nimewaletea virusi.

Siku moja ya theluji, ofisi zimefungwa, nimejifunga khanga juu ya suruali nzito, chai ya tangawizi mkononi, nje kweupe na kimya, nikaongeza agizo: ukikosa jina usikwame, weka hili. Lipi sasa? Nilihitaji chochote cha kujaribia, na vidole (mimi sikuvituma) vikaandika jina langu likifuatwa na la mwenyekiti: "Bi. Tumaini Mutua". Nikalifuta jina langu lililohifadhiwa, nikabonyeza, likatokea. Nikalitazama weee, theluji inashuka polepole, nikatuona mimi na Mutua tuna nyumba Wheaton, yeye anakwangua barafu kwenye kioo cha gari langu na mimi namfokea achukue glavu, watoto wawili wananijibu Kiingereza, hata tukagombana kidogo juu ya rangi ya pazia tukapatana. Chai ikapoa. Nikalirudisha jina langu la kweli, barua ikawa sawa, na lile la ndoto likabaki ndani ya maagizo, halionekani, nami nikalisahau (nasema nililisahau, niaminini).

Jumamosi asubuhi tukachapa barua ya kwenda kwa wazazi wa bibi harusi kwenye kompyuta ya kanisa. Haikukwama hata kidogo, nikajipongeza, na Mzee Lema wa kamati yetu akasimama kutusomea kwa sauti yake ya mahubiri, mpaka chini kabisa: "Ni mimi wenu, Bi. Tumaini Mutua, Katibu."

Mama Njeri akapiga vigelegele.

"Ai! Na mlioana lini nyinyi wawili? Kumbe tunapanga ya wengine na yenu mlimaliza kitambo!"

Nikanyoosha mkono niinyakue ile barua. Mmoja ananikumbatia, mwingine anamtikisa Mutua mkono, Mzee Lema anataka tupige magoti tuombewe, na kabla sijatamka neno makro, Mama Njeri keshatoa kadi ya simu ya kupigia ng'ambo, anampigia mama yake Mutua kule Machakos (walisoma shule moja, bahati yangu hiyo).

"Mama Mutua! Kijana yako ameoa, na hakukuambia!"

Mutua akaichukua simu taratibu, akavua kofia. "Mum, ni mimi. Zii, sijaoa. Ni makosa ya kompyuta tu." Kisha akanigeukia na kuniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza, heri angecheka. "Si ndiyo, Tumaini? Ni kompyuta?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni kompyuta."

Maskini kompyuta ya watu, haikukosea kitu, ilifanya nilichoiambia neno kwa neno. Tangu siku hiyo makro zangu zikikosa jina husimama na kumuuliza aliyekaa mbele ya kompyuta anaitwa nani, na nimeapa sitaijibia tena kwa lile ninalolitamani.

Mwaka uliofuata Mutua alioa kweli (si mimi), na kamati ikanichagua tena kuwa katibu. Barua zake zote niliziandika kwa mkono.