Mtoboa Mwamba wa Kidole cha Shujaa

Yule mwanamke wa Kilakota, wenyeji wa asili wa Marekani, anayetoboa mwamba kwenye mlima unaochongwa sanamu ya shujaa wa kabila lake, hupuliza vumbi litoke kwenye kila tundu, kisha huingiza kidole kupima kina, ingawa kipimo anacho mfukoni. Sauti yake imekwaruzika kwa kuzoea kushindana na mashine. Kwa miaka tisa bibi yake aligoma kuja, akisema milima yao mitakatifu haichongwi. Jumamosi akaja, akapandishwa hadi kwenye mkono wa shujaa, mrefu kuliko nyumba yao kule Pine Ridge. Mjukuu akavua glavu, akamshika kiganja, akakilaza juu ya kidole cha jiwe.

“Kidole hiki nimekichonga mimi, Bibi.”

Bibi akakipapasa hadi kwenye ncha. Mgeni mmoja aliyepanda nao kutazama sanamu akauliza kazi itakwisha lini.

“Una haraka ya kwenda wapi?” bibi akamjibu. “Huoni mjukuu wangu bado anachonga?”