Jina kwenye Mlango wa Katapila

Mimi sipendi wanafunzi wenye haraka, na Mama Cherehani alikuja na haraka ya mtu anayefukuza basi. Bibi mzima, mshonaji wa sare za shule, eti anataka nimfundishe kuzamia. Nikamwambia, "Mama, shimo hili la mawe lilijaa maji kabla sijaota ndevu. Halikimbii."

"Linakimbia," akasema. "Limeuzwa. Mwisho wa mwezi wanalifukia kwa vifusi."

Kweli, mimi mwenyewe na mitungi yangu ya hewa tulishaambiwa tuhame.

Alichokitaka kilikuwa chini huko: katapila la marehemu mumewe. Asubuhi ya mwisho waligombana. Yeye alikuwa na mimba kubwa, mume kajazwa maneno na majirani, akatoka akisema mtoto si wake. Siku hiyohiyo mwamba ukapasuka, maji yakaingia. Mwili ulipatikana, katapila likabaki. Msibani, wachimbaji wenzake wakamwambia mjane kwamba asubuhi ileile, kabla ya ajali, walimwona marehemu na kopo la rangi, akiandika kwenye mlango wa katapila jina ambalo yeye na mkewe walimchagulia mtoto.

Mtoto alizaliwa binti, na watu hawana dogo, maneno ya baba yake yakamfikia. Sasa ni mkunga, mtu mzima, na akikasirika humwuliza mama yake, "Hasa mimi ni wa nani?" Kuzamia hawezi, ana pumu.

"Ya kusikia yamemchosha," mama akaniambia. "Anataka mtu aliyeona."

Mlango nilikuwa naujua, umefunikwa utando wa kijani. Nikajitolea kwenda kuufuta mimi.

"Usiguse. Ukikuta patupu utaniambia kwa sauti ya daktari."

Basi tukaanza. Nina jukwaa la mbao chini ya maji, karibu na ukingo, na kila anayeanza humfundisha hapo: ukishtuka, piga magoti, tulia, pumua. Alijifunza kubana pua ili masikio yazibuke, na kutoa maji kwenye barakoa. Suti yangu ya kuzamia aliitukana. "Kaishona nani hii? Mishono ya aibu." Magoti yalimuuma, akacheka, "Mtaka cha uvunguni sharti ainame." Nilimpenda yule mama, nisiseme uongo.

Onyo langu lilikuwa moja. Kwenye katapila hakuna jukwaa. Sakafu ni vumbi la mawe lililolala miaka, laini kama unga. Pale unaelea, hugusi chini.

Tulishuka siku ya mwisho, kwa kuwa ndipo alipokuwa tayari, na geti lilikuwa linafungwa jioni ileile. Maji yalikuwa safi. Nikamwonyesha katapila, akaliendea taratibu, akaweka kiganja mlangoni. Hapo pumzi zikamwenda mbio, mapovu yakamtoka ovyo. Akashtuka. Na aliposhtuka akafanya kile nilichomfundisha: akapiga magoti.

Kufumba na kufumbua vumbi lilikuwa limeinuka, sioni hata mkono wangu. Nilipapasa nikampata, kashika kitasa cha mlango, anafutafuta gizani. Hewa yake ilikuwa inakwisha. Nikambandua vidole kimoja kimoja, nikampandisha.

Binti alikuwa ukingoni na taulo.

Mama akavua barakoa. "Lipo, mwanangu. Rangi nyeupe. Herufi ya mwisho imepinda, alikuwa na haraka."

Binti akakaa kwenye kokoto akalia kama mtoto mdogo, "Baba, baba." Mama akamkumbatia na suti yake inayochuruzika, akanitazama. "Mwalimu naye kaona."

Binti akanigeukia. Nilikuwa na neno moja tu la kumpa.

"Nimeona," nikasema. Roho iliniuma mpaka nikajifanya nahangaika na mtungi.

Baadaye, binti akiwa ameenda kuchukua mikoba, Mama Cherehani alikuja kunirudishia mkanda wa uzito. Aliukunja vizuri, kama nguo ya mteja. Hakuondoka.

"Lakini wewe macho yako yamezoea, baba," akasema polepole. "Kweli hukuona hata herufi moja?"

Nikamwambia sikuona.