Asubuhi Nilipokuta Seli za Mama Zimekufa

Jumanne, tarehe tisa Juni. Asubuhi ilikuwa na ukungu mzito, na manyunyu yasiyolowesha wala kukoma.

Ndiyo asubuhi niliyomkuta mama yangu amekufa mara ya pili.

Ngoja nieleze.

Mama tulimzika mwaka juzi. Kabla hajafa alikubali kipande kidogo cha ngozi yake kibaki kwenye kituo cha utafiti ambako dada yangu ni mtafiti na mimi ni fundi wa maabara. Alitoa sharti moja tu: "Msizimalize seli zangu zote. Kidogo kibaki na nyinyi."

Kituo chetu kimewaweka watu wa baiolojia, wa hesabu na wa kompyuta chini ya paa moja. Wanachunguza jinsi seli zinavyopashana habari. Moja ikipata shida, za jirani hujua.

Kazi yangu ilikuwa kuzilisha seli za mama, zilizooteshwa kutoka kwenye ngozi ile. Nazibadilishia maji yao mekundu ya chakula, nafunga kabati la joto, nasema sala fupi. Wenzangu hunicheka.

"Fundi, leo mama ameshiba?"

"Ameshiba, anawasalimu."

Siku hiyo nilifungua kabati. Kwenye kila kisahani seli zilikuwa zimebanduka, zinaelea kama makombo. Nikatazama kwa hadubini. Hakuna hata moja iliyoshika kisahani, hakuna iliyo hai.

Na chupa ya mwisho ya seli zilizogandishwa tulikuwa tumeshaiyeyusha. Akiba hakuna.

Profesa, mkuu wa kituo, akatuita chumba cha mikutano.

"Sharti la marehemu lilikuwa wazi. Nani alizigusa mwisho?"

Dada hakunitazama.

"Mdogo wangu. Siku hizi anasoma masomo ya jioni, Profesa. Anakuja kazini amechoka. Nilishamwonya."

Wee! Dada huyuhuyu ndiye aliyenibeba mgongoni utotoni. Ndiye aliyenisukuma nirudi darasani nikiwa na umri wa kuitwa bibi.

"Dada, mimi sijakosea."

"Nyamaza, usijiharibie zaidi."

Nikasali kimoyomoyo: Mola, kama nimekosea nionyeshe. Kama sikukosea, usininyamazie.

Mlango ukafunguka. Akaingia mtu wa hesabu, tunayemwita Mzee wa Fomula, kompyuta kwapani, meno yote nje.

"Mmenuna nini? Zimekufa vilevile tulivyokadiria! Seli chache tu za pembeni tumezitia sumu, zikaziambia jirani, jirani zikaambiana, mpaka zote chali!" Akamgeukia dada. "Hongera, bwana! Jana jioni uliposema usiku mmoja unatosha, mimi nilibisha."



Jana jioni. Mimi nikiwa darasani.

Mzee wa Fomula akanitazama, tabasamu likamfia mdomoni. "Kwani dada yako hakukwambia? Alisema familia imekubali."

Profesa akavua miwani. Dada akanishika mkono.

"Ningekuomba ungekataa. Na wewe ukifukuzwa hapa utapata kazi popote. Nikifukuzwa mimi, miaka yangu yote imekwenda na maji."

"Kwa hiyo ukamwua mama, halafu ukaniuza na mimi?"

"Zilikuwa seli tu, mdogo wangu."

"Basi mbona ulidanganya?"

Akauachia mkono wangu.

Ndugu msomaji, chumba kile kilikuwa na watu wanaojua seli zinaambianaje, na hakuna aliyefikiria kuniambia mimi neno. Usidhani kuzaliwa tumbo moja kunatosha kumfanya mtu akwambie ukweli. Kinachohusu marehemu wako, uliza. Uliza tena, umtazame machoni.

Profesa alisema nibaki kazini, yaishe.

Hayakuisha. Nikavua koti jeupe, nikasimama mbele yao watatu. Nilidhani nitalia. Sauti ikatoka kavu.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi: nitakuombea kila siku, dada. Lakini kukuamini, sitakuamini tena maisha yangu yote."