Ruta ya Otmar Inawaka

Mdogo wangu Otmar ni fundi redio hapa Tinde, na simsifii kwa sababu ni ndugu. Nyumba yetu iko bondeni, simu haishiki mtandao hata ukipanda juu ya paa. Yeye alichukua ruta ya bei ya chini, kile kisanduku cha kusambazia intaneti, akaiondolea programu ya kiwandani, akaweka nyingine inayogawiwa bure na watu wanaopenda kuzichezea ruta hizi. Basi ikawa inadaka mtandao wa kibanda chake kule barabarani na kutuletea mpaka uani. Kila jioni mkewe, Salvina, anayepika kwenye kambi ya mgodi huko Geita, alikuwa akimwona mtoto wao Nelly akitambaa, kwa simu ya video.

"Akianza kusimama mniite," alikuwa akituambia. "Hatua ya kwanza msininyime, jamani."

Mwezi huu radi ikaiunguza. Otmar akaenda Shinyanga mjini, akanunua ile ile: jina lile lile, boksi lile lile. Muuzaji akaichomeka kwenye umeme mbele yake, kama wanavyojaribu balbu. Taa zikawaka.

"Inawaka, kaka. Ukishaifungua hairudi."

Nyumbani programu ikagoma kuingia. Otmar akachukua bisibisi, akaifungua, akakagua chipu zake moja moja. Kampuni ilikuwa imebana matumizi: kumbukumbu ya ndani, pale programu inapokaa, wameipunguza nusu, jina wakaliacha. Akawaandikia. Wakajibu kwa adabu kwamba wateja wengi wanataka bei nafuu, na kwamba wapenda ufundi wametengenezewa ruta yao maalumu. Bei yake mara nne! Nilitukana, wala sikujali nani ananisikia. Hao wapenda ufundi ndio walioisifia ruta yao mpaka sisi wa Tinde tukaijua. Kupunguza gharama wapunguze, lakini si wabadilishe hata jina kwenye boksi, mtu ajue ananunua nini?

Jumapili baada ya misa Otmar alikuwa uani na kompyuta yake, anaipunguza ile programu kipande kwa kipande ili itoshee. Ruta aliiweka chini, kwenye kivuli.

"Dada, nikitoa na hiki huenda ikaingia."

"Hiyo 'huenda' yako umeanza nayo tangu juzi," nikamjibu. Nilikuwa nimechoka, na hasira zangu nilikuwa nazimalizia kwake.

Nelly alikuwa amesimama, ameshikilia kigoda. Akaziona zile taa za kijani zinavyowakawaka. Akaachia kigoda. Akapiga hatua moja, akayumba, akapiga nyingine, halafu nyingine, akaiangukia ruta na kuikumbatia huku anacheka.

Sikupiga kigelegele. Otmar alishika simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Hiyo hatujaiona, dada," akasema. "Ya kwanza ni ile atakayoiona mama yake."

Nikamnyanyua Nelly, nikamrudisha kwenye kigoda.