Upindo wa Gauni Jeupe

Mpaka leo kibanda kile kinanukia mafuta ya cherehani na chaki, na kila asubuhi binti akifungua dirisha humtarajia marehemu baba yake aseme neno lake. "Sivyo." Ndilo lililompa mzee jina la mtaani. Bwana Sivyo: fundi nguo siku za kazi, mwalimu wa darasa la ubatizo Jumamosi, na mbishi wiki nzima. Binti hutabasamu peke yake, akavuta kiti, akaanza kazi.

Darasa lenyewe lilikuwa humohumo kibandani, wanafunzi wakibanana kwenye benchi kati ya marobota ya vitambaa. Binti, wakati huo msichana wa kushona vifungo, aliyasikia yote. Siku moja mama muuza mkaa alijitolea kueleza Utatu.

"Mwalimu, ni kama mimi. Nyumbani mama, sokoni mfanyabiashara, kanisani mwanakwaya. Watatu, lakini mmoja."

"Sivyo, mama yangu. Huyo ni mtu mmoja anayebadilisha nguo. Yesu alipoomba pale bustanini, alikuwa anaomba kwa nani? Alikuwa anajiongelesha?"

Benchi zima lilivunjika mbavu, mama mwenyewe akicheka kuliko wote. "Haya, basi nipe mfano wako."

"Sina," mzee alisema. "Ningekuwa nao ningekupa." Akachukua mkasi wake, akaendelea kukata.

Ndivyo alivyokuwa. Mtu akisema Mungu Baba ndiye aliyekufa msalabani, cherehani ilisimama. Mtu akisema Yesu alikuwa nusu Mungu nusu mtu, mzee alishika kichwa. "Hakuna cha nusu! Mungu kamili, mtu kamili." Na wakimwambia anakuza mambo, alijibu kwamba neno la imani siku moja mtu ataliegemea akiwa na shida, na likiwa bovu ataanguka nalo. Binti alimpenda baba yake na alimwonea haya, vyote kwa pamoja.

Miaka ikapita. Binti akaolewa mtaa wa pili, akapata mtoto wa kike, kajukuu kasikobanduka miguuni pa babu. Kalimwibia vifungo, kakalala juu ya vitambaa vya wateja, na mzee yule mkali alikuwa hasemi kitu. Alikashonea magauni, kila moja na upindo mpana kwa ndani, kama mafundi wanavyofanya kwa nguo za watoto, ili mtoto akirefuka upindo ufumuliwe na gauni lirefuke naye.

Kisha homa ikaja ikamchukua mtoto.

Msibani, jirani mmoja alimkumbatia binti. "Pole, mwanangu. Usilie hivyo. Mungu amepata malaika mwingine."

Binti alilishika neno lile kwa mikono miwili. Hakuwa na jingine. Ndipo sauti ikatoka kwenye kona.

"Sivyo."

"Baba," binti alisema, "hata leo?" Akampa kisogo, na mpaka siku ya mazishi hakumtazama tena.

Asubuhi ya mazishi alikwenda kibandani. Alikuwa amekwishaamua: atamwambia mzee asithubutu kukanyaga makaburini. Alimkuta ameinamia gauni dogo jeupe la kumzikia mtoto, macho mekundu.

"Malaika hana mama," mzee alisema kabla hajaulizwa. "Hakuzaliwa, hakunyonya, hajawahi kuniibia vifungo. Huyu ana mama. Wakikwambia amegeuka malaika, wamekunyang'anya mtoto mara ya pili, na mimi sikubali. Sisi tunasadiki ufufuo wa mwili, mwanangu. Atakayeamka siku ile ni yeye, yuleyule, na wewe ndiye mama yake."

Yale aliyokuja kuyasema aliyaacha. Ili mikono yake ipate pa kukaa, akashika gauni, akalipapasa mpaka chini. Vidole vikasimama. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa kwa ndani, kunjo pana.

"Baba, umeacha upindo." Akaufunua. "Wa nini sasa?"

Mzee alivua miwani. Binti akangoja fundisho, maana huyu hakuwahi kukosa la kusema.

"Kama watoto watakua kule, hatukuambiwa," alisema taratibu. "Siwezi kukwambia nisilolijua, hata leo. Hasa leo." Akaufuta uso kwa kiganja. "Lakini kama watakua, asikute babu yake hakufikiria."

Binti alikaa kwenye benchi la wanafunzi akalia, kilio kile alichokuwa amekizuia tangu alipompa baba yake kisogo, na mzee akamwacha alie mpaka amalize. Kisha binti akatunga uzi kwenye sindano, akavuta gauni upande wake, akaanza kushona vifungo.