Kicheko Kilichopokewa Kama Kielelezo

Wifi yangu tulimwita Kengele kwa sababu ya kicheko chake. Kilianza chinichini kama mtu anayekohoa, kikakatika ukadhani kimekwisha, halafu kikarudi kwa nguvu na kukukuta hujajiandaa. Kaka yangu, mume wake, hacheki hata kwa kutekenywa, na mpaka leo sijui walipendana vipi. Kipenda roho hula nyama mbichi, basi.

Kengele alikuwa akishona mashuka kiwandani. Siku moja meneja alipita na wageni akiwaeleza habari za nidhamu, ncha ya shuka ikanasa kwenye mkanda wake, akaliburuta nyuma yake mpaka mlangoni. Kengele akacheka. Mstari mzima wa cherehani ukasimama. Kesho yake akafukuzwa kwa kosa la kusimamisha kazi, na tangu hapo hakucheka tena. Nyumba yao ikapoa mpaka nikawa naogopa kuitembelea. Akapeleka shauri kwa mwamuzi wa migogoro ya kazi. Alichotaka ni kurudi kwenye cherehani yake tu.

Shauri lilisikilizwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Wakili wa kiwanda akadai kicheko kile si cha kawaida, hakuna mfanyakazi anayeweza kukivumilia. Kengele akasema ni cha kawaida kabisa.

"Basi tukisikie," akasema wakili.

Jamani! Nani anacheka kwa amri? Wifi yangu akafungua mdomo, ikatoka hewa. Wakili akamsimamisha msimamizi wa kiwanda, akaapishwa, akaambiwa akiigize. Msimamizi akalegeza tai, akatoa sauti ya mbuzi aliyekabwa.

Mwamuzi akainua mkono. "Hiyo ni nakala. Nakala siipokei mpaka ithibitishwe kwamba asili imepotea."

Ndipo wakili akamwita kaka yangu awe shahidi wa upotevu. Nilitamani kumtupia kiatu yule wakili.

"Kicheko cha mkeo bado kipo nyumbani?"

"Hakipo."

"Umekitafuta?"

"Nimekitafuta sana." Kaka akaikodolea macho kofia yake. "Juzi asubuhi nilivaa gauni lake nikampelekea chai kitandani."

Karani akaacha kuchapa. "Gauni lipi, niandike?"

"La maua. Lilinibana mabegani, nikapita mlangoni kwa ubavu."

"Naye akasemaje?" akauliza mwamuzi.

"Akasema chai haina sukari."

Nikamwona Kengele anauma mtandio wake. Alijua, nami nilijua: akicheka pale na kazi ikasimama, amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Akakohoa. Kikakatika. Nikashusha pumzi, nikasema afadhali kimekwisha.

Kikarudi.

Karani akalala juu ya meza. Mwamuzi akavua miwani na kujifuta macho kwa mkono wa koti. "Kazi imesimama!" wakili akapiga kelele. "Iandikwe!" Lakini wa kuandika hakuwepo, na msimamizi alikuwa ameketi sakafuni, ameshika mbavu.

Kilipotulia, mwamuzi akamgeukia msimamizi. "Bado umo kwenye kiapo. Siku ile kiwandani, wewe ulicheka?"

"Nilicheka, mheshimiwa. Kuliko leo."

"Ukafukuzwa?"

"Hapana."

"Na wenzako waliocheka?"

"Hata mmoja."

Wakili akaketi. Mwamuzi akaamuru Kengele arudi kazini kesho yake. Kuhusu kicheko, akasema kimepokewa, na kwa kuwa shauri limekwisha, kielelezo kirudishwe kwa mwenyewe.

Tukashuka ngazi, kaka mbele, hamtazami mtu.

"Baba watoto," Kengele akamwita, "lile gauni umelificha wapi? Nalitaka niende nalo kazini."

Kaka hakugeuka. "Limechanika kwapani."

"Basi lete nilishone," akasema, na akaanza kukohoa.

Mimi nikashika ukuta mapema.